Kupanga upya msimbo ni ufundi wa mikono

Saa tatu na nusu asubuhi ya Agosti 1, 2012, Soko la Hisa la New York lilipofunguliwa, kompyuta za kampuni ya Knight Capital zilianza kununua na kuuza hisa kwa wingi ambao hakuna mteja aliyeuagiza. Kwa muda wa dakika 45 hivi, maagizo 212 ya wateja wadogo yalizaa miamala milioni nne, katika hisa za aina 154. Mafundi walipofanikiwa kuuzima mfumo, kampuni ilikuwa imebaki na hasara iliyozidi dola milioni 460 za Marekani. Kabla mwaka haujapita, ilikuwa imeshaunganishwa na kampuni nyingine.

Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, SEC, ilitoa uamuzi wake Oktoba 2013 na kueleza chanzo. Ndani ya programu ya Knight Capital kulikuwa na kipande cha msimbo kilichoitwa Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 bila kukiondoa. Kipande hicho kilitegemea kihesabio: agizo la mteja likitimia, kihesabio kinakiambia kiache kutuma maagizo sokoni. Mwaka 2005 kihesabio hicho kilihamishwa na kuwekwa mapema zaidi katika mfululizo wa msimbo, na baada ya uhamisho huo hakuna aliyeijaribu Power Peg tena. Miaka saba baadaye msimbo mpya ulikuwa unawekwa kwenye seva nane, na seva moja ikasahauliwa. Alama iliyotumika kuwasha kazi mpya ilikuwa ile ile iliyowahi kuiwasha Power Peg. Kwenye seva iliyosahauliwa Power Peg ikaamka, na kihesabio cha kuisimamisha hakikuwa tena mahali pake.

Mengi yalikosewa asubuhi ile na katika miaka iliyoitangulia. Mojawapo ndilo linalonifanya niandike makala haya: msimbo ulihamishwa kutoka mahali hadi mahali kwa imani kwamba hakuna kilichobadilika, na imani hiyo haikupimwa. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya watengenezaji wa programu duniani kote, wakiwemo vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wengi wao wanaifanya bila kufundishwa.

Umbo linabadilika, matokeo yanabaki

Kupanga upya msimbo ni kubadili umbo la ndani la programu huku matokeo yake yakibaki vile vile. Mhasibu wa SACCOS akibofya kitufe cha kukokotoa riba kesho, anapaswa kupata jibu lile lile ambalo angelipata jana, mpaka senti ya mwisho. Kilichobadilika ni kile asichokiona. Fanksheni yenye mistari 300 imegawanywa kuwa fanksheni fupi, kila moja na kazi yake. Thamani iliyoitwa "x2" sasa inaitwa "ribaYaMwezi". Kanuni iliyonakiliwa katika mafaili matano imewekwa mahali pamoja. Anayenufaika ni mtengenezaji atakayefungua faili lile mwezi ujao ili aongeze aina mpya ya mkopo. Msimbo ukisomeka, atajua pa kugusa. Usiposomeka atabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake italipwa na mwanachama aliyekatwa riba isiyo yake.

Fikra hii ina historia ndefu kiasi. William Opdyke aliiandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Illinois, akisimamiwa na Ralph Johnson. Katika chuo hicho hicho John Brant na Don Roberts walitengeneza zana ya kufanya mabadiliko ya namna hiyo kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka huo huo wa 1992, Ward Cunningham alieleza kwamba msimbo uliotolewa kwa haraka ni sawa na mkopo: unakuvusha leo, lakini usipoulipa kwa kuurudia na kuuweka sawa, utalipa riba kila unapoufungua. Kisha mwaka 1999 Martin Fowler akachapisha kitabu chake, Refactoring, kilichokusanya mabadiliko zaidi ya 70 na kuyapa majina. Toleo la pili lilitoka mwaka 2018, safari hii mifano yake ikiwa ya JavaScript.

Ukikifungua kitabu hicho utaona kwamba sehemu yake kubwa imeandikwa kama maelekezo ya karakana. Kila badiliko lina hatua zake: toa kipande hiki, kipe jina, kiite kutoka pale kilipokuwa, endesha majaribio, nenda hatua inayofuata. Anayekisoma bila kompyuta mbele yake atayajua majina, na katika usaili wa kazi atayataja vizuri. Lakini akikabidhiwa faili la watu wengine lenye mistari elfu mbili, hatajua aanzie wapi.

Duka moja, fanksheni moja

Lipo zoezi ambalo kwa maoni yangu linamfaa anayeanza kuliko mengine, na nitalieleza kwa kina ili mwenye kompyuta aweze kulifanya wikiendi hii. Linaitwa Gilded Rose. Lilibuniwa na Terry Hughes kwa lugha ya C#. Baadaye Emily Bache, mwalimu wa watengenezaji wa programu, akalihamishia katika lugha nyingine na kuliweka GitHub, ambako linapatikana bure kwa Java, Python, JavaScript, PHP na nyingine nyingi.

Hadithi yake ni ya duka linalouza bidhaa za kubuni. Kila bidhaa ina namba mbili: siku zilizobaki kabla ya tarehe ya mwisho ya kuuzwa, na ubora. Kila siku ikiisha, programu inapunguza zote mbili kwa moja. Tarehe ikipita, ubora unashuka kwa kasi mara mbili. Ubora haushuki chini ya sifuri wala haupandi juu ya 50. Jibini la Aged Brie, tofauti na bidhaa nyingine, linapanda ubora kadiri linavyokaa. Kitu cha kishujaa kiitwacho Sulfuras hakiuzwi wala hakishuki, na ubora wake ni 80 daima. Tiketi za onyesho la muziki zinapanda kwa moja kila siku, kwa mbili zikibaki siku 10 au pungufu, kwa tatu zikibaki siku 5 au pungufu, na onyesho likipita zinakuwa sifuri. Sasa mwenye duka ameleta bidhaa mpya za uchawi ambazo ubora wake unapaswa kushuka mara mbili ya kawaida. Kazi ya mwanafunzi ni kuiongeza kanuni hiyo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Tatizo ni pa kuiweka. Kanuni zote za duka zimesongamana katika fanksheni moja: sharti ndani ya sharti, ndani ya sharti jingine. Jina la Sulfuras linaulizwa mara tatu katika sehemu tatu tofauti, kila mara kwa kukanusha: kama bidhaa hii *si* Sulfuras, fanya hivi. Sharti la kuangalia kama ubora ni chini ya 50 limeandikwa mara nne. Na ili tiketi iwe sifuri baada ya onyesho, aliyeandika hakuweka sifuri. Aliandika: ubora ni sawa na ubora kutoa ubora. Kihesabu ni sahihi kabisa, lakini msomaji lazima asimame hapo na kujiuliza kama kuna siri aliyoikosa.

Zoezi linaweka pia mpaka mmoja: usiguse klasi inayobeba bidhaa, kwa sababu ni mali ya zimwi lenye hasira linalokaa kwenye kona. Wanaocheka wanaposoma hapo, wakiingia kazini wanalikuta zimwi hilo kwa sura nyingine: jedwali la hifadhidata linalotumiwa na idara nyingine, au mfumo wa malipo ambao makubaliano yake hayaruhusu kubadilishwa. Kupanga upya msimbo karibu kila mara ni kazi ya kufanya ndani ya mipaka uliyoikuta.

Rekodi tabia kabla ya kugusa

Mwanafunzi anayefika hapa kwa mara ya kwanza huanza kufuta na kuandika upya. Ni tamaa inayoeleweka, na ndiyo ya kwanza kuizuia. Kabla ya kubadili herufi moja, iendeshe programu na uone inafanya nini.

Zoezi linakuja na programu ndogo inayochapisha hali ya duka siku baada ya siku. Iendeshe kwa siku 30, hifadhi matokeo yote kwenye faili, na faili hilo liwe shahidi wako. Kila utakapobadili kitu, endesha tena na ulinganishe. Yakifanana mpaka nukta ya mwisho, endelea. Yakitofautiana hata kwa namba moja, rudi nyuma. Michael Feathers, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 kuhusu namna ya kufanya kazi na msimbo uliorithiwa, alisisitiza majaribio ya aina hii: majaribio yanayorekodi kile programu inachofanya *kwa sasa*, bila kuuliza kama ndicho kilichokusudiwa.

Thamani ya rekodi hiyo unaiona mapema. Tazama jibini katika toleo la Java. Linaanza likiwa na siku 2 na ubora 0. Siku inayofuata ubora ni 1, kisha 2, kisha ghafla 4, kisha 6. Kumbe tarehe ikipita, jibini linapanda kwa mbili. Rudi kwenye maelezo ya mwenye duka na uyasome neno kwa neno: hakuna mahali yanaposema waziwazi kwamba Aged Brie inapanda mara mbili baada ya tarehe. Kanuni hiyo imo kwenye msimbo tu. Mtu aliyefuta kila kitu na kuandika upya kwa kufuata maelezo angeipoteza, na mwenye duka angegundua siku hesabu zake zitakapokataa. Kama kanuni hiyo ni kosa, la kufanya ni kumuuliza mwenye duka na kuirekebisha kwa makusudi siku nyingine. Anayepanga upya hana mamlaka ya kuibadilisha kimyakimya.

Sasa jaribu jambo ambalo wengi hawalifanyi. Majaribio ni wavu, na wavu hukaguliwa kabla ya kutupwa majini. Haribu msimbo kwa makusudi uone kama wavu utakunasa. Chukua lile sharti la 50 lililorudiwa mara nne. Badili la kwanza liwe 49, uendeshe siku 30: matokeo yanatofautiana, umenaswa. Lirudishe. Badili la nne, lile la jibini lililopita tarehe: umenaswa tena. Badili la tatu, la tiketi zilizobakiza siku 5: umenaswa. Badili la pili, la tiketi zilizobakiza siku 10, na uendeshe.

Matokeo yanafanana kabisa. Msimbo una kosa, na wavu umeliachia lipite.

Sababu yake inaonekana ukikaa na kalamu. Katika bidhaa zilizowekwa kwa mfano, tiketi moja inaanza na ubora 49 ikiwa na siku 10. Ongezeko la kwanza linaifikisha 50, kwa hiyo sharti la pili halipati nafasi ya kuonyesha kosa lake. Nyingine inayoanza na siku 15 na ubora 20 inafika 47 siku ya mwisho kabla ya onyesho. Inaongezwa kuwa 48, sharti la pili lenye kosa linairuhusu kuwa 49, la tatu linaifikisha 50. Jibu ni sahihi kwa bahati. Ziba tundu hilo kwa kuongeza tiketi moja tu kwenye orodha: siku 8, ubora 48. Siku ya kwanza, kwa msimbo mzima itafika 50, kwa msimbo ulioharibiwa itaishia 49. Bidhaa moja zaidi, na wavu umekamilika mahali pale.

Mwanafunzi aliyefanya hivi mara moja kwa mikono yake hatamwamini tena mtu anayemwambia "tuna majaribio" bila kuuliza majaribio hayo yananasa nini.

Hatua ndogo kuliko unavyotaka

Wavu ukishakuwa tayari, kazi yenyewe inaanza, na inaanza kwa kitu kidogo. Chukua sharti moja kati ya yale manne, pamoja na ongezeko lake, ulitoe nje liwe fanksheni inayoitwa "ongezaUbora". Endesha. Linganisha. Hifadhi kwenye Git, zana ya kutunza kila hatua ya msimbo. Chukua la pili: endesha, linganisha, hifadhi. Ndipo la tatu, ndipo la nne. Kila mzunguko ni wa dakika moja au mbili.

Kijana mwenye kipaji huona hili linachosha. Anabadili yote manne kwa pamoja, anapitia majina, na kwa kuwa yuko hapo anageuza na mpangilio wa masharti. Anaendesha, na matokeo ya siku ya 11 hayafanani. Ni badiliko gani kati ya sita limeleta tofauti? Hajui, na anaanza kusaka. Nusu saa inapita akisaka kitu ambacho kingejionyesha chenyewe papo hapo. Kanuni ninayoiheshimu kuliko zote katika ufundi huu ni hii: majaribio yakikataa na sababu isionekane mara moja, usisake. Rudi kwenye hali ya mwisho uliyoihifadhi, kisha chukua hatua ndogo zaidi. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka hiyo inahesabika kwa dakika.

Kinachofuata kinakwenda kinyume na matarajio ya wengi. Kuna mbinu ambayo Emily Bache ameifundisha pamoja na Llewellyn Falco, ambayo kwanza *inaurefusha* msimbo. Unaandika sharti moja juu kabisa: kama bidhaa ni Aged Brie. Kisha unanakili mwili wote wa fanksheni, ukiwa na vurugu zake zote, na kuuweka katika matawi yote mawili, la ndiyo na la hapana. Msimbo sasa ni mara mbili ya ulivyokuwa. Lakini katika tawi la ndiyo, kila swali linalouliza kama bidhaa ni tiketi, au kama si Sulfuras, tayari lina jibu. Unafuta kisichowezekana, sharti baada ya sharti, ukiendesha majaribio kila mara. Vurugu inaporomoka. Jibini linabaki na sentensi tatu: ongeza ubora, punguza siku, na kama siku zimeisha ongeza ubora tena. Rudia kwa tiketi, kisha kwa Sulfuras. Tawi la Sulfuras linabaki tupu, kwa sababu Sulfuras haibadiliki kamwe. Yale maswali matatu yaliyotawanyika yalikuwa yanasema jambo hilo moja tu.

Sasa kanuni ya duka inasomeka kwenye msimbo kama mwenye duka alivyoieleza, bidhaa kwa bidhaa. Ndipo inaongezwa kanuni mpya ya bidhaa za uchawi, na inachukua mistari michache. Kent Beck amewafundisha wengi mpangilio huo: kwanza lifanye badiliko liwe rahisi, jambo ambalo laweza kuwa gumu, kisha fanya badiliko hilo rahisi. Zingatia kwamba ni kazi mbili tofauti. Wakati wa kupanga upya, rekodi ya siku 30 haipaswi kutofautiana hata kidogo. Wakati wa kuongeza kanuni *inapaswa* kutofautiana, na kwa bidhaa za uchawi peke yake. Keki ya uchawi iliyokuwa ikishuka 6, 5, 4, 3 sasa itashuka 6, 4, 2, 0. Ukiona na jibini limebadilika, umechanganya kazi mbili katika hatua moja.

Fanya, futa, rudia

Zoezi hili halifanywi mara moja likaisha. Dave Thomas, mmoja wa waandishi wa kitabu cha The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, alihimiza watengenezaji wa programu wafanye mazoezi kwa mtindo wa karate, ambako mwanafunzi hurudia mfululizo ule ule wa mapigo mpaka mwili uuzoee. Kutokana na wazo hilo vikazuka vikundi vya mazoezi katika miji mingi. Mwaka 2009 huko Marekani ulianza utaratibu wa kukutana siku nzima, watu wakikaa wawili wawili kwenye kompyuta moja kwa vipindi vya dakika 45. Kila kipindi kikiisha msimbo wote unafutwa na kila mtu anabadili mwenza.

Kufuta ndiko kunakowasumbua wageni, na ndiko kunakofundisha. Anayejua kwamba kazi yake itafutwa haoni haya kujaribu njia asiyoijua. Mara ya kwanza mtu anafanya Gilded Rose akitafuta jibu. Akirudia, jibu analijua, kwa hiyo macho yake yanahamia kwenye mwenendo: hatua zake ni kubwa kiasi gani, anahifadhi mara ngapi, anachoka wapi na kuanza kubahatisha. Akiendelea, anaweza kujiwekea masharti: leo bila kugusa kipanya, kesho kwa lugha nyingine, keshokutwa msimbo usikae katika hali ya kukataa majaribio kwa zaidi ya dakika mbili.

Na ni vizuri zaidi kufanya na mwenzako. Mmoja anaandika, mwingine anasoma na kuuliza, na baada ya dakika chache wanabadilishana. Ukikaa nyuma ya vijana wawili wanaofanya hivyo utasikia maneno ya namna hii:

"Ngoja kwanza, hapo umefanya mambo mawili."

"Si nimebadili jina tu, kaka?"

"Umebadili jina na umehamisha mstari. Rudisha. Jina kwanza, tuendeshe, ndipo tuhamishe."

Sahihisho la namna hiyo, linalotolewa wakati vidole bado viko kwenye kibodi, linaingia moyoni haraka kuliko mhadhara wa saa mbili. Anayelitoa naye anafaidika, kwa sababu amelazimika kueleza kwa maneno jambo alilozoea kulifanya bila kufikiri.

Wapo wanaouliza kama jitihada hizi zina maana siku hizi, wakati programu za kuandikia msimbo kama IntelliJ zinaweza kutoa kipande na kukipa jina kwa kubonyeza vitufe vitatu, na akili bandia inaandika fanksheni nzima kwa kuombwa tu. Jibu langu ni kwamba maana imeongezeka. Zana inatekeleza badiliko, lakini anayeamua ni badiliko lipi, na kwa utaratibu upi, bado ni mtu. Akili bandia inazalisha msimbo mwingi kwa muda mfupi, na msimbo huo lazima usomwe na mtu anayejua kuuliza: hili limebadili umbo tu, au limebadili na matokeo? Asiyewahi kurekodi tabia ya programu na kukagua wavu wake kwa kuharibu namba 50 kwa makusudi hana silaha ya kujibu swali hilo. Atapokea kinachoonekana kizuri.

Kazi tuliyo nayo

Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga wa pwani. Vikishaundwa lazima vitunzwe, na hapo ndipo elimu yetu ya kompyuta inapopungukiwa. Kazi nyingi za vyuoni zinaanza na faili tupu. Mwanafunzi anajenga mfumo wake wa maktaba au wa hosteli kutoka mwanzo, anauwasilisha, na haufungui tena. Siku ya kwanza kazini anakabidhiwa msimbo wa mtu aliyeshaondoka, na anatakiwa aongeze kanuni moja bila kuvuruga nyingine. Hilo hakuwahi kulifanya hata mara moja.

Mifumo tunayoitegemea ni ya aina hiyo. Chukua OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano uliokuwapo kati ya Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, katika kuwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, na ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Imeandikwa kwa Java, na imepita katika mikono ya watengenezaji wengi wa kujitolea, wakiwemo wa Kenya na Uganda. Walioandika mistari ya kwanza hawakuweza kujua nani angeibadili miaka kumi au ishirini baadaye. Programu kama hiyo inadumu kwa sababu watu wameendelea kuupanga upya msimbo wake kwa uangalifu, huku zahanati zikifunguliwa kila asubuhi na wagonjwa wakisubiri kwenye benchi. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na kijana aliyekwisha kuizoea Gilded Rose anaweza kuushusha kwenye kompyuta yake, akachagua klasi moja, akaiandikia majaribio, kisha akajizoeza kuipanga upya bila kumdhuru mtu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mhadhiri wa mwaka wa pili achukue mradi wa darasa lililotangulia, awape wanafunzi wake na kuwaambia waongeze kanuni moja, na alama zitolewe kwa mfululizo wa hatua zilizohifadhiwa kwenye Git, siyo kwa matokeo peke yake. Kiongozi wa timu katika kampuni atenge saa moja kila Ijumaa, watu wakae wawili wawili na zoezi, na saa hiyo isiporwe na dharura za wateja. Anayejifunza peke yake asisubiri chuo wala mwajiri. Aishushe Gilded Rose leo, arekodi siku 30, aharibu, arekebishe, apange upya, aongeze bidhaa za uchawi. Jumapili jioni aifute yote. Jumamosi ijayo aanze tena, na safari hii tiketi ya siku 8 yenye ubora 48 iwemo kwenye orodha tangu hatua ya kwanza.